Unasema na Nani?

Kuna lawama moja tunayoitoa upesi kuliko tunavyoipima. Tunamsikia mtu akizungumza na mkuu wake wa kazi, sauti imeshuka, "naomba" na "samahani" zimejaa kinywani. Jioni tunamkuta kijiweni akirusha maneno kama mtu aliyekulia standi, nasi tunakata hukumu: huyu ana ndimi mbili. Mzazi akisikia jinsi mwanawe anavyoongea na wenzake hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui Kiswahili, ilhali mtoto huyohuyo dakika chache kabla alimwamkia mgeni, akampokea mzigo na kumjibu maswali kwa Kiswahili kilichonyooka. Katika mazungumzo ya leo nataka kuitetea tabia hiyo ya kubadili usemi, ila kwa sharti. Hoja yangu ni kwamba msikilizaji ndiye anayetuchagulia maneno, hata pale ambapo hajafungua mdomo. Na kwamba tunapokosea, mara nyingi kosa ni kumchagua msikilizaji asiye mhusika wakati mhusika mwenyewe ameketi mbele yetu.

Chukua kondakta wa daladala, mtu ambaye hasifiwi kwa ufasaha ingawa anastahili. Gari likiwa bado kituoni, anaita jina la njia mara tatu tatu kwa pumzi moja, kwa sababu anayemsemesha yuko ng'ambo ya barabara na ana sekunde chache tu za kuamua. Akitokea mama mwenye mtoto mgongoni, kelele zinakatika: "Mama pita hapa mbele, jamani mpisheni mama akae." Mwanafunzi mwenye sare akikanyaga ngazi anaitwa "denti", tena bila upole wa namna ile, kwa kuwa nauli yake ni ndogo na kondakta hajaficha kwamba anaijua hesabu hiyo. Kwa dereva anatupa maneno mawili tu, "twende suka", na gari linaondoka. Mbele kidogo trafiki akiinua mkono, kijana huyohuyo anashuka na "afande" mdomoni, mabega yameshuka, maelezo yamepangwa kwa utaratibu. Akirudi garini anamkuta abiria anayedai chenji yake, na hapo anaitafuta lugha nyingine tena, ya kubembeleza muda: "Bosi wangu, tuvute subira kidogo, chenji inakuja." Safari haijafika hata nusu. Hakuna abiria anayeshuka akisema kondakta yule ni mnafiki. Sote tumeelewa kwamba kila neno lilikuwa na mtu wake.

Shuleni jambo hili hufundishwa kwa jina la rejesta, na mwanafunzi wa sekondari hukariri orodha yake: rejesta ya hospitalini, ya mahakamani, ya sokoni, ya msikitini na kanisani. Orodha hiyo inasaidia kujibu mtihani, lakini inaacha picha potofu, kana kwamba ukuta wa jengo ndio unaobadilisha ulimi. Muuza nyanya wa sokoni anazungumza kwa namna moja na mchuuzi aliyemletea tenga alfajiri, kwa namna nyingine na mteja wake wa kila wiki, na kwa namna ya tatu kabisa na mgeni aliyeteremka garini amevaa tai. Soko ni lilelile, nyanya ni zilezile, wala mada haijabadilika. Kilichobadilika ni aliyesimama upande wa pili wa meza. Mtu anaweza kusema huo ni mfano wangu tu na kwamba mambo haya hayatenganiki kirahisi: mahali, mada, uzito wa jambo na msikilizaji huja pamoja. Pingamizi hilo ni la haki, na wataalamu wa isimujamii wamelihangaikia kwa miaka mingi.

Mmarekani William Labov, mwaka 1962, aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York: Saks lililohudumia matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la watu wa kipato cha chini. Aliuliza wafanyakazi mahali zilipo bidhaa ambazo yeye mwenyewe alijua ziko ghorofa ya nne, ili tu asikie kama wataitamka "r" katika jibu lao la Kiingereza au wataimeza. Kisha alijifanya hakusikia vizuri, akaomba warudie. Kadiri duka lilivyokuwa la watu wa juu, ndivyo "r" ilivyosikika zaidi. Na wengi, hasa Macy's, walipoombwa kurudia walijirekebisha. Labov aliona sababu ya kujirekebisha huko ni uangalifu: mtu akiusikiliza usemi wake mwenyewe, huunyoosha. Maelezo hayo yalitawala kwa muda mrefu, na si ya kupuuzwa. Lakini yanamweka msemaji peke yake na kioo chake, kana kwamba watu husema ili wajisikie.

Aliyeligeuza suala hili ni Allan Bell wa New Zealand, na inafurahisha kwamba ushahidi wake ulitoka kwenye redio. Aliwachunguza wasomaji wa habari waliokuwa wakisoma katika stesheni mbili zilizotumia studio za jengo moja: moja ya kitaifa, yenye wasikilizaji wa hadhi ya juu zaidi, nyingine ya kijamii. Watu walewale, kazi ileile, habari za aina ileile, mbele ya maikrofoni za jengo lilelile. Hata hivyo, matamshi ya sauti "t" katikati ya maneno yalibadilika walipohama kutoka stesheni hii kwenda ile. Yalikuwa makini zaidi katika stesheni ya taifa na malegevu zaidi katika ile ya kijamii. Huwezi kusema ni mada, maana habari ni habari. Huwezi kusema ni uangalifu, maana msomaji wa taarifa ya habari yuko macho katika zote mbili. Kilichobaki ni mtu aliye upande wa pili wa mawimbi, mtu ambaye msomaji hamwoni, hamsikii, na pengine hatakutana naye maishani. Bell alichapisha nadharia yake mwaka 1984, na kiini chake ni hiki: usemi hupangwa kwa ajili ya hadhira.

Sisi tunaosikiliza redio kwa Kiswahili tunaujua ushahidi wa jinsi hiyo bila kwenda mbali. Yupo mtangazaji ambaye kwenye taarifa ya habari hutamka "dhambi" na "thamani" kwa ulimi uliotulia katikati ya meno, na akitoka studio anasema "zambi" na "samani" kama wenziwe wa nyumbani. Wapo hata wanaozidisha, wakiogopa kukosea, wakasema "dhawadi" mahali pa zawadi. Kosa hilo lenyewe linatuonyesha jinsi msikilizaji wa kufikirika anavyoweza kumbana mtu koo. Stesheni za FM zilipoanza kuchipuka Tanzania katika miaka ya 1990, zilimchagua msikilizaji wao mapema: kijana wa mjini. Lugha ikamfuata, na malalamiko yakaifuata lugha. Mpaka leo wapo wanaosema kwamba ruhusa hii ya kusema na kila mtu kwa lugha yake ndiyo inayobomoa Kiswahili sanifu.

Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wanaolitoa wanaipenda lugha. Lakini wanasahau sanifu ilitoka wapi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, shida iliyotakiwa kutatuliwa ilikuwa ya hadhira: vitabu vya shule vilihitajika ambavyo mtoto wa Kenya, wa Uganda, wa Tanganyika na wa Zanzibar angeweza kuvisoma. Watu wa Mombasa walikuwa na Kimvita chao na urithi wake wa ushairi; watu wa Lamu na Pemba walikuwa na maneno yao. Hakuna aliyekuwa akisema vibaya. Sanifu ilibuniwa kwa ajili ya msikilizaji usiyemjua, aliye mbali nawe, asiyeshiriki nawe kisima wala msiba. Ukiiona hivyo, ugomvi unapungua. Taarifa ya habari lazima iwe sanifu, kwa kuwa inamwendea mtu wa Kigoma na wa Mtwara kwa wakati mmoja, naye hana nafasi ya kuuliza "umesemaje?" Kipindi cha muziki cha usiku kinachowasemesha vijana wa mji mmoja hakidaiwi deni hilo. Ninachokidai ni mtangazaji ajue amevuka mpaka upi na saa ngapi. Anayeleta lugha ya kijiweni katika tangazo la kipindupindu amekosea kama anayesoma salamu za birthday kwa sauti ya tanzia.

Hata adabu yenyewe huhama na msikilizaji. Mtu wa Dar es Salaam akiingia mgahawani husema "naomba chai". Mtu wa Nairobi husema "nipe chai" na mhudumu wa Nairobi haoni lolote la kumkera. Heshima ya hapo imekaa kwenye sauti, kwenye kumwita mtu "boss" au "mathe", kwenye utani. Weka "nipe" hiyohiyo mbele ya mhudumu wa Tanga na utaona sura inabadilika. Watanzania tumejenga kiburi kidogo juu ya jambo hili, tukidhani jirani hana adabu, kumbe ameiweka mfuko mwingine.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonishughulisha zaidi. Anayesemeshwa na anayekusudiwa kusikia si lazima wawe mtu mmoja. Waswahili walilijua hili kabla vyuo vikuu havijaliandikia vitabu. Kijembe hurushwa kwa jirani kupitia kwa mtoto anayekaripiwa uani. Kanga hununuliwa kwa jina lake na kuvaliwa siku ambayo yule wa kuisoma atapita. Katika taarab, mtu huinuka kwenda kutunza wakati wa ubeti fulani, na ukumbi mzima hugeuka kumtazama mtu mwingine kabisa. Bungeni kila hoja huelekezwa kwa Mheshimiwa Spika, lakini Spika huenda akawa mtu wa mwisho ambaye mbunge anamfikiria. Mawazo yako kwa waziri anayeguswa na kwa mpigakura aliye jimboni na redio yake. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, marais katika sikukuu za taifa walisoma hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza, halafu wakaiweka karatasi kando na kuongea Kiswahili. Wasikilizaji wa uwanjani walijua kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya mabalozi, magazeti na kumbukumbu za serikali, na kwamba yao inaanza karatasi ikikunjwa. Maneno makali ya Mwai Kibaki ambayo watu wanayakumbuka na kuyacheka hadi leo hayakutoka kwenye ukurasa ulioandikwa.

Nenda basi kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji siku alipokuja mgeni rasmi. Meza kuu imefunikwa kitambaa, chupa za maji zimepangwa, maturubai mawili, na wananchi wengi wako juani. Afisa anasimama: itifaki imezingatiwa. Kisha inafuata risala ya mchakato shirikishi, wadau wa mnyororo wa thamani, kuwajengea wananchi uwezo, utatuzi wa changamoto kwa wakati. Ni Kiswahili, wala hakuna neno la kigeni la kulalamikia. Lakini mkulima aliyekuja kuuliza mbolea ya ruzuku itafika lini hakusemeshwa. Risala ilitungwa kwa ajili ya meza kuu, mkulima akaisikia kwa sababu tu kipaza sauti hakichagui. Huyo afisa, msikilizaji, akirudi ofisini anajua kueleza jambo lilelile kwa sentensi tatu: mbolea imechelewa bandarini, itafika wiki ya pili ya mwezi, njoo na namba yako ya usajili. Lugha ya kueleweka anayo. Amempelekea asiyeihitaji.

Hospitalini hali huwa nzito zaidi. Daktari anapopita wodini na wanafunzi wake, mazungumzo ya kitaalamu hupita juu ya kitanda, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na mgonjwa husikiliza habari za mwili wake mwenyewe kama mtu anayesikiliza ya jirani. Zamu yake ikifika huambiwa vidonge viwili kutwa mara tatu. Sisemi daktari aache istilahi. Anapowasemesha wenzake anazihitaji, maana kukosea jina la ugonjwa kunaweza kuua. Ninasema kwamba ana hadhira mbili kitandani hapo, na ya pili inastahili dakika zake. Mahakamani Tanzania ilichukua hatua kubwa zaidi. Mahakama za Mwanzo siku zote ziliendesha kesi kwa Kiswahili, lakini huko juu hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu angeweza kushinda au kupoteza shamba lake bila kuweza kuisoma karatasi iliyolitoa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na Kiingereza kikabaki kwa mazingira maalumu. Wapo mawakili waliosema istilahi hazitoshi, na ugumu huo ni wa kweli. Hata hivyo kwa sheria hiyo nchi ilitamka nani ni msomaji wa kwanza wa hukumu: yule anayehukumiwa.

Kabla sijaendelea lazima nijibu ile lawama ya mwanzo ya ndimi mbili, kwa sababu ipo mahali inapopata shabaha. Mgombea anayezungumza kwa methali za wazee akiwa Bukoba na kwa maneno ya vijana akiwa Temeke hajamdanganya mtu. Lakini akiahidi kupandisha bei ya mchele mbele ya wakulima wa Kyela, na kuishusha mbele ya wanunuzi wa Dar es Salaam, huyo amebadili jambo lenyewe. Kipimo ni chepesi: vua maneno, tazama kilichobaki. Kikiwa kimoja kila mahali, mtu amefanya kazi yake ya kumjali anayemsikiliza. Vikiwa viwili, iite tabia hiyo kwa jina lake.

Kuna pingamizi gumu kuliko yote, nalo linasema: haya yote ni matamu, lakini wanaobadilika ni wanyonge tu. Kondakta humbadilikia trafiki. Trafiki hambadilikii kondakta. Miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kuna desturi iitwayo ingamwana, ambapo mke aliyeolewa huepuka kutamka jina la baba mkwe, na hata maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo, akatumia mengine badala yake. Mkwe hahitaji hata kuwepo. Msikilizaji huyu ana nguvu ya kuyafuta maneno mdomoni mwa mtu aliye peke yake jikoni. Naye mkwe hana wajibu kama huo kwa mkaza mwanawe. Anayelileta pingamizi hili ana haki, na mimi silipingi. Nasema tu kwamba linatufikisha mahali tofauti na linakodhani. Ikiwa mnyonge amejifunza lugha tano ili apite siku yake salama, hakuna sababu ya kumwongezea ya sita, yaani lugha ya ofisi, ndipo asikilizwe. Mwenye cheo, mwenye kalamu na mwenye kipaza sauti ndiye anayedaiwa kubadilika, kwa kuwa kwake kubadilika hakugharimu chochote isipokuwa ukubwa kidogo. Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikachapishwa mwaka 1963 na nyingine 1969, na kwa Kiingereza alihojiana na yeyote duniani. Hakuwahutubia wakulima kwa Kiswahili cha Juliasi Kaizari. Alirudia, aliuliza, alicheka, aliwawekea mfano wa jembe au wa nyumba yenye ufa, na wasiosoma walitoka uwanjani wakiweza kuisimulia hoja yake kwa waliobaki nyumbani. Wapo waliopinga sera zake, nao walimwelewa vizuri kiasi cha kujua wanachokipinga.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Ikisomwa harakaharaka kwa lugha ya mkaguzi wa hesabu, usione haya. Nyoosha mkono, mwombe mwenyekiti airudie kwa namna ambayo wewe uliyechanga utaielewa: kiasi gani kiliingia, kilitumika kwa nini, kimebaki kiasi gani. Akikujibu kwamba imeshasomwa, mwulize alikuwa anamsomea nani.